Alama Sitini na Nane

Mimi sipendi mtu anayeingia dukani akasimama. Ukija steshenari sema shida yako: kopi, kuchapa barua, picha za paspoti, basi. Huyu bwana siku ya kwanza, mwezi wa tatu mwaka 2013, alisimama mlangoni na bahasha ya kaki kifuani. Watu watatu wakaja, wakahudumiwa, wakaondoka, yeye yupo tu. Nikamwambia, "Kaka, hapa hatuna kiingilio. Ingia ndani au tupishe mwanga."

Akaingia. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama, kwamba anataka kuhesabiwa alama.

"Alama za nini? Umefeli nini?"

"Za kwenda Kanada."

Nikaacha kukata picha nilizokuwa nakata. Duka langu liko Kasulu, hatua chache kutoka stendi, na wateja wangu wengi ni wanachuo wa ualimu na watu wa mikataba ya viwanja. Mambo ya Kanada sikuwahi kuletewa. Mimi mwenyewe ni mtu wa Ujiji, Mwanaamina. Kasulu niliifuata kwa sababu ya mume. Mume akaondoka na mwanamke wa Tabora, mimi nikabaki na kompyuta, printa na mdomo. Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda mbali sikumshangaa. Nilimwonea wivu kidogo, nisiseme uongo.

Jina lake kwenye vyeti lilikuwa Crispin Ndayiragije. Kazi yake eksirei, hospitalini Kibondo, miaka tisa sasa. Nilimuuliza kwa nini asifanye mambo yake hukohuko Kibondo, akajibu, "Kule wananijua." Nikadhani anaogopa bosi wake. Nilijua sababu yenyewe baadaye.

Kwa asiyejua, nieleze. Kanada walikuwa na jedwali lao. Hawakuulizi unasali wapi wala ukoo wako ni upi. Wanauliza umri, elimu, lugha, miaka ya kazi, na kama una mke mwenye kujua lugha yao au ndugu aliyekutangulia kule. Kila jibu lina alama zake. Ukifikisha sitini na saba katika mia, unaruhusiwa kuomba. Ukipata sitini na sita, kaa kwenu. Na kazi yako iwe imo kwenye orodha yao ya mwaka ule. Ya eksirei ilikuwemo.

Tukaanza kuhesabu. Umri, miaka thelathini na minne: kumi na mbili. Stashahada ya miaka mitatu: ishirini na moja. Uzoefu wa kazi: kumi na tano. Mtihani wa Kiingereza alikuwa hajaufanya, tukaweka ishirini kwa kuotea.

"Mke?"

"Hakuna."

"Ndugu yeyote Kanada?"

"Hakuna."

"Ndugu yeyote popote?"

Hilo halikuwa kwenye jedwali, lilikuwa la mdomo wangu. Akatazama vidole vyake, akasema, "Andika sifuri tu, dada." Nikaandika sifuri ya mke na sifuri ya ndugu. Jumla ikaja sitini na nane.

Moja tu ya ziada! Nikamtania: "Ukioa mwenye Kiingereza unapewa tano za bure. Mimi hapa nina fomu foo. Kiingereza changu kinachechemea, lakini kinafika." Akacheka kidogo, akakunja karatasi mara nne, akashukuru, akaenda kuwahi basi. Ule haukuwa utani mtupu. Alikuwa mtu msafi, mpole, ana mikono mizuri, na mimi nilikuwa nalala peke yangu mwaka wa tatu. Lakini yule alikuwa haoni vitu vya namna hiyo hata umwekee kwenye taa yake ya kusomea picha.

Akawa anakuja kila baada ya Jumamosi mbili. Basi la asubuhi kutoka Kibondo, vumbi mpaka kwenye kope. Anakaa kwenye kompyuta ya dirishani, anafanya mazoezi ya Kiingereza kwa kunong'ona, saa saba anakwenda kula ndizi na maharage kwa mama lishe, peke yake, anarudi. Nikimuuliza habari za Kibondo anajibu, "Nzuri." Nikimuuliza habari za nyumbani anajibu, "Nzuri." Ebo! Mtu gani habari zake zote ni neno moja? Siku moja nikamuuliza kwa ukali kidogo kwa nini hana mke, mtumishi wa serikali mwenye mshahara na nyumba. Akasema, "Kanisani wanatangaza majina Jumapili tatu." Nikasema, "Si ndiyo raha yenyewe, utangazwe?" Akarudi kwenye mazoezi yake ya Kiingereza.

Mwezi wa tano akaenda Dar kufanya mtihani wa Kiingereza, siku mbili njiani kwenda, siku mbili kurudi. Matokeo yakaja: ishirini, kama tulivyootea. Nilipiga kigelegele mle dukani hadi jirani wa vitenge akaja kuchungulia. Yeye akakaa kwenye kiti, akaweka kichwa mezani.

"Sasa tunaomba paspoti," nikamwambia. "Lete cheti cha kuzaliwa niskani."

"Sina."

"Kakate. Watu wanakata kila siku. Mzazi anaapa, wakili anagonga muhuri, unapeleka kwa msajili wa wilaya."

"Dada Mwanaamina," akasema, bado kichwa kiko mezani, "Crispin alikufa."

Nikafunga mlango wa duka, nikageuza kibao.

Huku kwetu jambo hili si geni. Mtoto akifeli darasa la saba zamani, kurudia kwa jina lake ilikuwa hairuhusiwi. Basi mzazi anamfuata mwalimu mkuu wa shule ya mbali, mwalimu anatazama kwenye daftari la mahudhurio: nani ameacha shule, nani ameolewa, nani amehama. Mtoto anaingia kwa jina hilo, anafanya mtihani kwa jina hilo, na akifaulu ndiyo basi tena, jina linakuwa lake hadi kaburini. Wako wengi. Wako walimu, wako mapolisi, na atakayetaka kwenda kushtaki aende, majina ya humu nimeyabadilisha.

Huyu alizaliwa Gwarama, mtoto wa pekee wa mama anayeitwa Pelagia, akabatizwa Bazilio. Mwaka 1992 akafeli. Mama yake akauza mbuzi, akamtafutia nafasi shule moja ya upande wa Mabamba, kule mpakani. Mwalimu mkuu alikuwa na jina. Crispin Ndayiragije, mzaliwa wa 1979, mtoto mwenye akili, alikufa kwa malaria mwaka uleule akiwa darasa la sita, na jina lake lilikuwa bado halijakatwa kwenye daftari. Mwalimu akaenda kumwomba mama wa marehemu. Mama akakubali. Bazilio akawa Crispin, akapunguziwa na miaka miwili ya umri, akafaulu. Hata kwenye jedwali la Kanada ile miaka miwili ilikuwa imempa alama moja.

Tangu siku hiyo aliishi kama mtu anayetembea juu ya mayai. Kibondo ni Crispin, Gwarama ni Bazilio, na watu wa Gwarama wanatibiwa Kibondo. Akaacha kwenda kwao ila kumsalimia mama yake kwa kujificha. Kuoa kanisani hawezi, cheti cha ubatizo kina jina lingine. Rafiki hataki, rafiki anauliza habari za utotoni. Mama Pelagia alifariki mwaka 2009. "Tangu hapo," akaniambia, "hakuna mtu aliyeniita Bazilio."

Unaona mambo? Na mimi hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumwita, pale pale, mlango umefungwa. Haikunipitia akilini. Nikamwambia, "Sasa Crispin, tutafanyaje?"

Cha kufanya kilikuwa kimoja. Mwenye kuapa kwamba alimzaa Crispin ni mwanamke mmoja tu duniani, na yuko Mabamba. Jina lenyewe la Ndayiragije liko huku na liko ng'ambo Burundi, kwa hiyo uhamiaji wangetaka kujiridhisha kwa mzazi mwenyewe, si kwa karatasi ya jirani. Na yeye katika miaka ishirini hakuwahi kumwona huyo mama. Alipelekwa shule na mwalimu, akakaa bweni la kanisa, akamaliza, akaondoka. "Naona aibu," alisema. "Nimekula jina la mwanawe, sijampelekea hata sukari."

Akaniomba nimsindikize. Nikafunga duka siku mbili. Jirani wa vitenge akaniuliza nakwenda wapi na mwanamume, nikamwambia nakwenda posa, aumie.

Kutoka Kibondo hadi Mabamba tulipanda pikipiki mbili. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu umelala kwenye migomba, na yeye amebeba sukari kilo tano na kitenge kana kwamba kweli tunakwenda kuchumbia. Tulimkuta mama ameketi uani anapepeta maharage. Mama Generosa, mwembamba, mjane, jicho moja lina ukungu. Tukapiga hodi. Akainua uso. Hakushtuka hata kidogo.

"Umekonda, Crispin," akasema.

Yule bwana akashika ukuta.

"Mama, unanifahamu?"

"Nikufahamu mara ngapi?" Akasogeza ungo, akatuonyesha mkeka. "Ulinipiga picha ya kifua mwaka ule wa mvua kubwa. Ukaniambia, mama vuta pumzi, usipumue. Nikaacha kupumua. Ukaniuliza jina, nikakutajia, ukaandika, hukuinua macho."

Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kiha, lakini kila neno nililielewa, na sasa nitalisema kama alivyolisema, maana sijalisahau. Alisema matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, alikwenda shuleni. Kusoma hajui. Akamwomba katekista amwonyeshe kwa kidole jina la mwanawe liko wapi, naye akaweka kidole chake pale. Watu walidhani amechanganyikiwa. Baada ya hapo akawa anauliza: Crispin yuko wapi? Yuko sekondari. Yuko Dar. Amerudi, yuko hospitalini Kibondo. Basi akawa anakwenda. Mara nne au tano kwa mwaka, anasema kifua kinamsumbua, anafika, anakaa kwenye benchi la eksirei bila cheti cha daktari.

"Nikikaa kidogo tu nasikia mara tano, mara sita," alisema. "Nesi anaita, Crispin! Daktari anaita, Crispin! Na wewe unaitika. Narudi nyumbani nimeshiba."

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nililia hadi kamasi. Yeye, bwana mionzi, alikuwa ametazama chini, anafungua na kufunga fundo la mfuko wa sukari. Miaka tisa alijificha watu wasimjue, na mwanamke mmoja alikuwa akisafiri na kupanga foleni ili amsikie tu akiitwa.

Akamweleza shida yake. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, hadi nikaingilia: Kanada, alama, cheti, kiapo. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo Kanada ni mbali kuliko Dar?"

"Mbali, mama. Ni ng'ambo ya bahari."

"Huko watakuita?"

"Wataniita, mama."

"Nani atasikia?"

Nilitaka kumzaba mtu kibao, sijui nani: mwalimu mkuu, au wale wa jedwali. Nililijua jedwali lile kwa moyo. Mke alama tano, ndugu aliye Kanada alama tano. Mama aliyeko Mabamba hana alama.

Nikamwambia kijana wa watu, kwa hasira, "Mwambie basi kama hutaki aape, turudi!" Lakini alikuwa anataka. Alikuwa anataka kwa mwili wote, nilimwona. Alikuwa amechoka kuogopa kila anayeshuka basi la Gwarama. Alitaka mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua chochote. Mama naye aliliona hilo, kwa jicho lake moja.

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Tukamfuata. Katikati ya migomba palikuwa na kaburi dogo, limepaliliwa, na msalaba wa mti wenye rangi iliyobabuka. Akaushika kwa mikono miwili akaanza kuung'oa. Bwana akasogea amsaidie, mama akamzuia kwa kiwiko.

"Siwezi kuapa mtoto yuko hai na msalaba umesimama," akasema.

Ulikuwa umeoza chini, ukatoka. Akaufuta udongo kwa khanga, akauingiza ndani, akauweka juu ya kichanja cha mahindi. Kisha akaenda kunawa, akatuuliza kiapo ni lini.

Kilikuwa juma lililofuata, hapa Kasulu, mbali na watu wa Mabamba waliomzika yule mtoto. Nilikichapa mimi mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa tukiisoma kwa taabu kwenye kadi ya ubatizo ya mwanawe, iliyofifia kwa moshi, ambayo mama alikuja nayo. "Mimi, Generosa, Mkristo na mkazi wa Mabamba, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo. Moja, kwamba mimi ni mama mzazi wa Crispin Ndayiragije. Mbili, kwamba yuko hai." Wakili wa chumba cha pili akamsomea, akamuuliza ana watoto wangapi. "Mmoja." Yuko wapi? Akamshika mkono yule bwana aliyekaa pembeni yake. "Huyu." Akapaka dole gumba wino, akaligandamiza kwenye karatasi, akaliacha pale muda mrefu mpaka wakili akamwambia inatosha.

Cheti kikatoka. Paspoti ikatoka. Tukajaza fomu za Kanada jioni mbili mfululizo. Kwenye sehemu ya familia, pa kuandika mama, nikachapa Generosa. Akatazama kioo cha kompyuta. "Na Pelagia?" nikamuuliza. Akatikisa kichwa. Hakukuwa na mstari wa Pelagia. Bahasha ikaondoka mwezi wa tisa, nasi tukasubiri mwaka mzima na zaidi. Katikati wakamtaka apimwe afya, pamoja na eksirei ya kifua. Akarudi ananiambia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka kwa sauti, kwamba aliyempiga picha alimwambia vuta pumzi, usipumue.

Ule mwaka wa kusubiri ndio uliokuwa mzuri, tulikuwa hatujui tu. Akawa anakwenda Mabamba kila mwisho wa mwezi. Alimwezekea mama bati. Mama akija Kibondo hakai tena kwenye benchi, anaingia ndani, anapewa kiti na chai, na manesi wanamwita Mama Crispin. Wakipita Kasulu wananiletea maharage na asali. Mimi nikawa na watu wawili wa kuwapikia. Nilimfundisha mama kula pilau la Ujiji kwa mkono, akasema lina pilipili za kishetani.

Visa ikaja mwezi wa kumi na mbili, 2014. Barua pepe iliingia kwenye kompyuta ya dirishani, mimi ndiye niliyeisoma kwanza. Nikakaa nayo saa nzima kabla ya kumpigia. Mungu anisamehe, nilifikiria kuifuta.

Aliondoka mwezi wa pili. Stendi ya Kasulu, asubuhi, amevaa sweta mbili za mtumba moja juu ya nyingine, kwa maelezo ya intaneti kuhusu baridi. Mama Generosa alimshika kichwa akamwambia maneno ya Kiha ambayo sikuyauliza. Mimi nilimpa kalamu mbili na faili la plastiki. Ndiyo, kalamu! Nina ulimi wa kutukana stendi nzima, na siku ile nilikosa neno. "Ukifika andika," nikamwambia. Basi likaondoka. Mama akasimama pale hadi basi lingine likampigia honi apishe.

Tukapanga hivi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mama anakuja dukani, na Crispin anapiga kupitia kompyuta. Picha haikukubali kwa mtandao wetu, sauti tu, inakatika na kurudi. Mwezi wa tatu alisema ni mzima. Mwezi wa nne alisema ni mzima. Nikamkaripia, "Wewe na neno lako moja! Sema!" Akasema. Kazi ya eksirei hawajampa, mpaka asome tena na afanye mitihani yao. Kwa sasa yuko ghala la kuku waliogandishwa, anapanga masanduku. Chumba chake kiko chini ya nyumba ya watu, dirisha linaanzia usawa wa theluji. Anaweza kumaliza siku mbili bila kufungua kinywa. Ile ndiyo nchi aliyoiombea, ambayo hakuna anayejua chochote. Alisema, "Dada, hapa hata usipofika, hakuna anayeuliza."

Mwezi wa sita Kasulu ilikuwa imejaa magari ya misaada, watu wamevuka kutoka Burundi kwa maelfu, na basi la mama lilichelewa. Alifika mchana, amechoka, akakaa mbele ya kompyuta na mfuko wake wa rambo mapajani. Sauti ikaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Crispin. Wanakuita huko?"

Mama aliuliza hivyo kila mara, na kila mara alijibiwa ndiyo. Safari hii kukawa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Wananiita Krisi, mama. Wameona Crispin ni refu."

"Krisi ni nani?"

"Ni mimi. Mama, naomba kitu. Sijawahi kukuomba kingine baada ya kile kiapo. Niite Bazilio. Mara moja tu. Naogopa nitalisahau."

Mama aliondoa mikono mezani. Nilimtazama, uso umekaza, lile jicho zima limejaa maji. Akanigeukia mimi, si kompyuta. "Nikimwita hivyo," akasema polepole, "wangu atakuwa amekufa."

Nilishika bega lake, nilihisi mifupa. Mle kwenye kompyuta tulimsikia yule mtu akipumua, saa zao ni alfajiri, amekaa kwenye kile chumba cha chini anangoja jina lake. Aliposema, "Basi mama, acha, nisamehe," ndipo mama akaisogelea mashine, akaisogelea mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Bazilio," akaita.

"Karame!" akaitika, kwa sauti kubwa ya kitoto, kama wanavyoitika watoto wa huku wakiitwa na mzazi.

"Bazilio."

"Karame, mama!"

Akamwita mara nyingi. Sikuhesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Kisha mtandao ukakata kweli, ukabaki mlio wa feni ya kompyuta.

Mama Generosa akajifuta kwa khanga. Akafungua mfuko wa rambo, akatoa ile kadi ya ubatizo ya Crispin iliyotuhangaisha mwaka 2013, akaniwekea mezani.

"Niandikie jina la mwanangu," akasema. "Herufi kubwa. Na ile plastiki yako ya moto, mvua isiliguse. Nataka kuurudisha msalaba."

Nikafungua ukurasa mpya. Kwenye mashine ileile bado kulikuwa na kile kiapo, namba mbili, kwamba yuko hai. Nikachapa: CRISPIN NDAYIRAGIJE, 1979 – 1992. Nikaitoa, nikaipitisha kwenye plastiki. Mama hakungoja ipoe. Aliichukua ikiwa ya moto, akatafuta herufi ya kwanza kwa kidole, akauliza kama hapo ndipo jina linapoanzia.

Nikamwambia ndipo.